Tuwatazame Waliomtazama Sara Baartman

Miongoni mwa wanafunzi wa vyuo wanaovutiwa na taaluma ya jinsia, ni wachache wasiolijua jina la Sara Baartman. Anayeandika tasnifu kuhusu jinsi mwanamke anavyogeuzwa kuwa pambo, chombo au bidhaa, aghalabu humtaja bibi huyu katika kurasa za kwanza, kisha akapita. Na katika kumtaja huko, jambo la kwanza analoelezwa msomaji huwa ni umbo lake. Huelezwa ukubwa wa hiki na upana wa kile, na pengine hubandikwa picha iliyochorwa na watu waliokuwa wakimcheka. Hivyo mwandishi aliyekusudia kuyalaani maonyesho yale huwa ameyafungua upya, ila safari hii kiingilio hakilipwi.

Makala haya yatasimulia maisha ya Sara bila kulielezea umbo lake hata mara moja. Msomaji atakayehisi kwamba kuna kitu amenyimwa na ajiulize ni kitu gani, na alikuwa akikitakia nini.

Sara alizaliwa katika jamii ya Wakhoikhoi, upande wa mashariki wa nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Vitabu vingi hutaja mwaka wa 1789. Hata hivyo, Clifton Crais na Pamela Scully, waliochapisha wasifu wake mwaka wa 2009, wanashikilia kwamba alizaliwa katika miaka ya 1770. Tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana. Tukifuata hesabu ya kwanza, aliyepelekwa London alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Tukifuata ya pili, alikuwa mwanamke mzima aliyepita umri wa miaka thelathini, aliyekwisha kutumika katika nyumba za watu kwa miaka mingi, aliyekwisha kuzaa na kuwazika wanawe wakiwa wachanga. Nashuku kwamba hesabu ya kwanza imependwa kwa sababu ni rahisi kumhurumia msichana asiyejua kitu kuliko kumsikiliza mwanamke ajuaye mengi.

Hata jina lake lina kisa. Katika nyaraka nyingi anaitwa Saartjie, yaani Sara aliyetiwa kiambishi cha udogo cha Kiholanzi. Wapo wanaosema kwamba hilo lilikuwa jina la mapenzi tu, na kweli Waholanzi huwaita hivyo watoto na wapenzi wao. Lakini mtumishi naye huitwa hivyo na bwana wake. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakaitwa boi hali wana wajukuu, wanaielewa lugha hiyo bila kufunzwa chuoni. Ama jina ambalo mamake alimpa kwa lugha ya kwao, hilo halikuandikwa na yeyote kati ya wale wote waliomwandika.

Nchi ya kwao ilikuwa imekwisha kuvamiwa alipozaliwa. Walowezi wa Kiholanzi walikuwa wamewapora Wakhoikhoi malisho, maji na mifugo, wakawageuza wachungaji na watumishi katika ardhi ileile iliyokuwa yao. Sara alifiwa na wazazi wake mapema. Baadaye alichukuliwa hadi Cape Town, akatumika katika nyumba za watu, na mwishowe katika nyumba ya Hendrik Cesars. Cesars mwenyewe hakuwa Mzungu. Alitoka katika tabaka la watu weusi walioitwa huru, na alikuwa na madeni. Wanafunzi wapendao historia ambayo waovu wote ni wa rangi moja hulipita jambo hili haraka haraka.

Kisheria, Wakhoikhoi hawakuwa watumwa. Waingereza waliliteka eneo la Cape mwaka wa 1806, na mwaka uliofuata Bunge lao likapiga marufuku biashara ya watumwa. Lakini mwaka wa 1809 gavana wao, Caledon, alitoa amri iliyomtaka kila Mkhoikhoi awe na makao maalumu yaliyoandikishwa na asitoke wilaya moja kwenda nyingine bila cheti. Msomaji wa Kenya atakikumbuka kipande. Mtu wa namna hiyo si mtumwa, na wala si huru. Neno la kumwita halikuwapo katika vitabu vya mahakimu, na kukosekana kwa neno hilo ndiko kulikokuja kumponza Sara mbele ya mahakama.

Aliyepanga safari ya Ulaya ni Alexander Dunlop, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Cape Town, akishirikiana na Cesars. Waliondoka mwaka wa 1810. Katika mizigo yao mlikuwa na ngozi ya twiga. Walipofika London, Dunlop alimwendea William Bullock, aliyekuwa na jumba la makumbusho katika barabara ya Piccadilly, akamtaka anunue vitu viwili: ile ngozi, na haki ya kumwonyesha yule mwanamke. Bullock aliinunua ngozi ya twiga, akamkataa mwanamke.

Namwomba mwalimu asilipite tukio hili kama kichekesho. Mbele ya biashara ile, ngozi ya mnyama aliyekufa na mwanamke aliye hai viliwekwa katika orodha moja ya mauzo, na aliyeviweka hivyo alikuwa daktari, mtu wa elimu. Hatuhitaji nadharia nzito kutoka Paris au New York ili tueleze maana ya kumgeuza mtu kuwa kitu. Orodha ile inatosha.

Basi Dunlop na Cesars wakajifungulia maonyesho yao wenyewe, palepale Piccadilly, katika nyumba nambari 225. Kiingilio kilikuwa shilingi mbili. Sara aliwekwa jukwaani akiwa amevishwa vazi la kubana lenye rangi inayokaribia ya ngozi yake, ili watazamaji wadhani hakuvaa kitu. Aliamriwa atembee, aketi, asimame, ageuke, na mara nyingine apige ala yake ya muziki. Walimpa jina la jukwaani, Hottentot Venus. Neno la kwanza lilikuwa la kuwadharau Wakhoikhoi. La pili ni jina la mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale. Jina hilo lilikuwa mzaha uliounganisha kebehi mbili, moja ya rangi na nyingine ya jinsia, na hadi leo wataalamu wa jinsia hulirudia wanapotaka kuonyesha kwamba mwanamke mweusi hapigwi kwa fimbo moja.

Vuli ya mwaka huo huo, wapinzani wa utumwa walikwenda mahakamani. Aliyewaongoza alikuwa Zachary Macaulay wa jumuiya iliyoitwa African Institution. Waliapa kwamba walimwona Sara akiamrishwa kama mnyama, akionyesha dalili za huzuni na kutotaka. Bullock naye alitoa ushahidi wa ile habari ya ngozi ya twiga. Mahakama iliagiza Sara ahojiwe kwa Kiholanzi, lugha aliyoielewa, bila mabwana wake kuwapo. Mahojiano yalichukua muda wa saa tatu hivi, mwezi wa Novemba.

Majibu yake yaliwashangaza waliokuja kumtetea. Alisema hakulazimishwa. Alisema ameahidiwa sehemu ya mapato. Alisema hakutaka kurudishwa Cape wakati huo. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: baridi, kwani hakupewa nguo za kutosha za kumtia joto. Mahakama iliridhika kwamba yuko pale kwa hiari yake, na kesi ikatupwa. Mapato yenyewe ya maonyesho, inasemekana, yaliongezeka baada ya kesi, maana sasa hata asiyekuwa na habari alikuwa amesoma magazetini.

Hapa ndipo mjadala wa darasani huwaka moto. Wengine husema kwamba alitishwa kabla ya kuhojiwa. Wengine husema kwamba alikuwa mwanamke wa kazi aliyejua anachokifanya, na kwamba kumwita mhanga tu ni kumdharau mara ya pili. Mimi naona pande zote mbili zinaling'ang'ania swali baya. Swali la kama aliridhia liliulizwa na mahakama kwa sababu sheria ilikuwa na visanduku viwili tu, cha mtumwa na cha mtu huru, na asiyeingia katika cha kwanza alisukumwa katika cha pili, kisha kila alichotendewa kikahesabiwa kuwa chaguo lake. Huyu ni mwanamke ambaye kwao alikuwa amefungwa na amri ya 1809, ambaye London hakuwa na ndugu, ambaye mkataba wake uliandikwa na mwajiri wake. Mlango wa nyuma ulielekea kwenye utumishi, na ule wa mbele ulielekea jukwaani. Kuridhia kwake, hata kama kulikuwa kwa kweli, hakuwatakasi waliosimama na shilingi mbili mkononi. Uamuzi ule ulimhusu yeye. Wao hawakuulizwa lolote.

Na wale watetezi? Nia yao ilikuwa njema, sina shaka. Lakini nao walizungumza kwa niaba yake kabla ya kuzungumza naye, na walichoomba kuthibitishiwa ni kama ana bwana anayemmiliki. Hawakuiomba mahakama iamue kama ni halali kumtoza mtu kiingilio ili amkodolee macho binadamu mwenzake. Swali hilo halikufikishwa mbele ya jaji.

Baada ya London, maonyesho yalizunguka miji mingine ya Uingereza, yakafika hata Ireland. Tarehe 1 Desemba 1811 Sara alibatizwa katika kanisa kuu la Manchester. Hilo ni mojawapo ya matendo machache ambayo hayakuwa na kiingilio. Dunlop alifariki mwaka wa 1812, na mnamo mwaka wa 1814 mtu aliyeitwa Henry Taylor alimvusha Sara hadi Paris. Huko alimwachia mtu wa jina la Réaux, ambaye kazi yake ilikuwa kufunza wanyama.

Paris ilimpokea kwa shangwe iliyozidi ya London. Katika mwaka huo huo wa 1814 kulichezwa tamthilia ya vichekesho iliyobeba jina lake la jukwaani. Ndani yake, kijana wa Kifaransa anaapa kumwoa mwanamke wa nchi za mbali, na binamu yake, Mfaransa mwenzake, anajivika sura ya Mkhoikhoi ili kumnasa. Sara mwenyewe hakuhitajika katika mchezo ule. Wafaransa walikuwa wamegundua kwamba wanaweza kuburudika naye bila hata kuwa naye.

Mnamo Machi 1815 alipelekwa kwenye bustani ya makumbusho ya viumbe ya Paris, akachunguzwa kwa siku tatu na wanasayansi wakubwa wa zama zile, wakiwamo Georges Cuvier na Henri de Blainville, pamoja na wachoraji. Walimtaka avue nguo zote. Alikubali kwa shingo upande kuvua baadhi, akabaki na kitambaa cha kujisitiri, na hicho alikataa kukiachia. De Blainville alijaribu kumpa pesa. Alizikataa pesa.

Nimetangulia kusema kwamba kuna matendo machache ya Sara ambayo tunaweza kuwa na hakika kwamba yalitoka kwake. Hili ni kubwa kuliko yote. Mwanamke ambaye miaka mitano nzima watu walikuwa wakilipa ili wamtazame, aliposhikwa na wataalamu wenye mamlaka ya elimu na ya dola, alisema hapana, na pesa hazikuibadili hapana hiyo. Hakuna mchoro wa siku zile tatu uliokipata walichokuwa wakikitafuta. Cuvier mwenyewe aliandika baadaye kwamba Sara alikuwa na kumbukumbu nzuri, alizungumza Kiholanzi vizuri na Kiingereza kiasi, na alikuwa ameanza kujifunza Kifaransa. Hesabu ni lugha tatu za Ulaya, mbali na ya kwao. Ni wangapi kati ya watazamaji wake waliojua neno moja la Kikhoikhoi? Ila Cuvier hakuruhusu ushahidi huo ubadili chochote. Katika ripoti iyo hiyo alimlinganisha na nyani.

Sara alifariki Paris mwishoni mwa Desemba 1815, na baadhi huandika kwamba ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka mpya. Maiti haikuzikwa. Ilipelekwa kwa Cuvier, naye akapata katika mauti kile alichonyimwa katika uhai. Alitengeneza sanamu yake ya plasta, akaupasua mwili, akatoa ubongo na sehemu za siri akaviweka katika chupa, akayasafisha mafupi na kuyaunga. Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1817, na kwa miongo mingi ikasomwa kama sayansi, ikawapa waliotaka kutawala Afrika sababu yenye sauti ya kitaalamu.

Mifupa na sanamu vilibaki katika makumbusho ya Paris, na baadaye vikahamishiwa Musée de l'Homme, vikitazamwa na umma hadi katika miaka ya 1970. Watoto wa shule wa Kifaransa walipitishwa mbele yake vizazi baada ya vizazi. Kwa miaka zaidi ya mia moja na hamsini, marehemu huyu aliendelea kufanya kazi ileile aliyoletwa kuifanya.

Nchi yake ilipopata uhuru wa walio wengi mwaka wa 1994, Nelson Mandela alimwomba Rais Mitterrand wa Ufaransa amrudishe. Miaka minane ilipita katika majadiliano, kwani wakuu wa makumbusho walishikilia kwamba mabaki yale ni sehemu ya hazina za taifa, nazo haziondolewi. Ndiyo sababu ilibidi itungwe sheria. Mnamo mwaka wa 1998 mshairi Diana Ferrus, mwenye asili ya Kikhoikhoi, alitunga shairi la kumwita Sara nyumbani. Shairi hilo lilimfikia seneta Nicolas About, naye akalitia ndani ya mswada wake. Sheria ilitoka tarehe 6 Machi 2002, ikitamka kwamba mabaki ya Sara yanakoma kuwa sehemu ya mkusanyiko wa makumbusho ya taifa. Wale wanafunzi wanaodhani ushairi ni mapambo ya mtihani wa fasihi wasiisahau habari hii. Na wale wa sheria wazingatie ni kitu gani hasa kilihitaji kufutwa: karibu karne mbili baada ya kifo chake, Sara alikuwa bado ameandikishwa kama mali.

Alizikwa Hankey, katika bonde la mto Gamtoos, tarehe 9 Agosti 2002, siku ambayo Waafrika Kusini huwaadhimisha wanawake walioandamana hadi Pretoria mwaka wa 1956 kupinga vyeti vya kutembelea. Rais Thabo Mbeki alihutubia mazishi.

Lakini mazishi hayakulimaliza tatizo nililoanza nalo. Tangu miaka ya 1980, wasomi wa Marekani na Ulaya walikuwa wamemvumbua Sara upya. Stephen Jay Gould alimwandikia insha. Sander Gilman akamfanya kielelezo cha jinsi Ulaya ilivyomtazama mwanamke mweusi. Kazi hizo zilifungua macho ya wengi. Hata hivyo mwaka wa 2001 Zine Magubane, mwanasosholojia, aliwakosoa waliofuata nyayo hizo kwamba wamemfanya Sara ishara ya kila kitu, wakamkazia macho mwilini na kusahau historia na uchumi uliomfikisha pale. Naona alisema kweli. Nadharia nayo yaweza kuwa jukwaa.

Katika Chuo Kikuu cha Cape Town kulikuwa na sanamu ya Sara iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu na msanii Willie Bester, ikiwa imesimamishwa maktabani. Msanii alikusudia kumheshimu, ila sanamu ilimwonyesha akiwa uchi, katika hali ileile aliyoikataa mbele ya Cuvier. Mwaka wa 2016 wanafunzi weusi waliiendea sanamu hiyo wakaivika nguo. Wapo waliowalaumu kwamba wameingilia uhuru wa sanaa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, kati ya sura zote za taaluma ya jinsia nilizopata kuzisoma kuhusu Sara, sijui kama ipo iliyomwelewa kuliko vipande vile vya nguo. Alipohojiwa mwaka wa 1810 alilalamikia baridi. Waliomsikia walikuja miaka mia mbili na sita baadaye, nao walikuwa wanafunzi.

Kwa hiyo mwalimu atakayemfundisha Sara muhula ujao anaweza kuanzia pengine. Aanzie kwenye orodha ya Dunlop, amri ya Caledon, daftari la kiingilio, kiapo cha mahakamani, meza ya Cuvier na sheria ya 2002. Awaulize wanafunzi wake ni nani walipanga foleni Piccadilly, walikuwa na kazi gani, walirudi nyumbani wakawaambia nini wake zao na binti zao. Awaulize gazeti lililochapisha kikaragosi lilipata faida gani. Picha haihitajiki kwa somo kama hilo. Na mwanafunzi akiuliza, kama ambavyo hakika mmoja atauliza, mwanamke huyo basi alikuwa na sura gani, ajibiwe kwamba alijua lugha tatu za Ulaya, alipiga ala ya muziki, alizika watoto, alibatizwa Manchester, na kwamba kwa siku tatu za Machi 1815 wanaume mashuhuri wa Ufaransa walimwomba kitu akakataa.

Mnamo Desemba 2018 chuo hicho cha Cape Town kiliamua kuupa jina jipya ukumbi wake mkuu, ambao awali ulibeba jina la Jameson, mlowezi na mtu wa Cecil Rhodes. Ukumbi huo, ambamo wahitimu huvishwa majoho na kutajwa majina yao mmoja mmoja, sasa unaitwa Ukumbi wa Sarah Baartman.